Shingo ya Gitaa Niliyoichimba kwa Ajili ya Mama

Mama alipoletwa kwangu Miyuji, pembeni mwa mji, alikuja na mfuko mmoja wa nguo, kigoda chake cha miguu mitatu, na nyimbo. Maneno yalikuwa yameanza kumtoka. Yalitangulia ya Kiswahili, kwa sababu Kiswahili alijifunza ukubwani, sokoni na kanisani, na kilichoingia mwisho kikawa cha kwanza kutoka. Kigogo, lugha ya kwetu, kilibaki. Na Kigogo ndicho ambacho mimi sina.

Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa mdogo, nikatoka huko moja kwa moja kwenda Dar es Salaam, na badala ya kusomea ualimu kama nilivyoahidi nyumbani, nikapiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi mpaka bendi ya mwisho ilipotufia mikononi. Kigogo changu kilisimama pale kilipokuwa siku nilipopanda basi. Naweza kusema nina njaa, maji yako wapi, mbuzi wamekimbia. Sasa mkae nyumba moja na mzazi wako, asubuhi mpaka jioni, mkizungumzia mbuzi waliokimbia, na mbuzi wenyewe hamna.

Kila asubuhi nilimwamkia, "Mbukwa," naye aliitikia vizuri tu, kwa uso mkunjufu, halafu akasubiri niendelee. Sikuwa na cha kuendelea nacho. Nilimwekea uji, nikamtengea kigoda chake kwenye kivuli cha jiko, nikarudi kwenye meza yangu ya kazi. Naishi kwa kutengeneza magitaa na spika za watu, na kufundisha wapigaji wa kwaya za makanisa ya mjini. Watu wakisikia hivyo hudhani nyumba yangu ina kelele. Ilikuwa kimya kiasi kwamba nilianza kuzungumza na koleo.

Dada yangu aliolewa Kondoa, lakini alilelewa na mama kijijini mpaka alipoolewa, kwa hiyo Kigogo anakimwaga kama maji. Alikuwa akipiga simu Jumapili mchana. Mimi ndiye niliyekuwa nashika simu, maana mama akiachiwa aliiweka ndani ya unga. Basi nasimama pale, mkono umenyooka, nikiwasikiliza wanavyocheka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Wakimaliza namuuliza dada, "Amesema nini?" Naye ananijibu, "Aa, mdogo wangu, ukilitafsiri halichekeshi tena." Niliona wivu, tena wivu wa wazi kabisa, wa mwanamke mzima mwenye mvi.

Jioni moja ya wiki zile za kwanza nilikuwa nafanya mazoezi sebuleni, gitaa la umeme limechomekwa kwenye spika ndogo, sauti nimeiweka chini. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Akaanza kuimba juu ya gitaa langu. Nieleze kidogo hapa kwa asiyejua. Kwetu wimbo hauwi wa mtu mmoja. Mmoja anaanza, wengine wanaudaka, hawa juu, hawa chini, na akina mama wamebana ngoma katikati ya mapaja. Ukisikia mwanamke anaimba peke yake kijijini ujue amelewa au amefiwa. Kwa hiyo mama hakuwa ananiimbia mimi. Alikuwa ameanzisha, akawa anasubiri waudake. Hapakuwa na mtu, nikaudaka mimi kwa gitaa. Akageuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe nikaona ananitazama kama mtu anayemfahamu.

Furaha yangu haikudumu hata beti mbili. Wimbo ule una mahali ambapo sauti inapanda, inakaa, halafu ndipo inashuka. Pale inapokaa, gitaa halina. Shingo ya gitaa imepigiliwa vyuma vyembamba kwa kukingama, sisi tunaviita freti, na kila freti ina sauti yake moja. Ukitaka sauti iliyo kati ya freti na freti, hiyo gitaa haliijui. Mama aliijua vizuri sana. Nilipopiga freti ya chini nikawa chini yake, nilipopiga inayofuata nikampita. Alikunja uso kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye wali, lakini aliendelea kuimba.

Wiki hiyohiyo nilimrekodi kwenye simu. Nina programu ya kupimia sauti, yenye mshale unaosimama katikati ukiwa sawa. Nilipompimia mama mahali pale, mshale ulikaa pembeni kidogo, umeizidi kidogo freti ile ya chini, ukatulia hapohapo mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Hakuwa anakosea. Mtu anayekosea mshale wake unatangatanga. Alikuwa na nyumba yake pale, na mimi nilikuwa sina njia ya kufika.

Tukaishi hivyo. Mvua zikaja zikapita, zikaja tena. Jioni, kabla hatujawasha taa, nilichomeka gitaa, mama akaanza, nikaudaka, na tulipofika pale nilipiga freti ya chini kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu naye zaidi, tukakwaruzana, tukaendelea. Ilikuwa ndiyo sehemu bora ya siku yangu na ndiyo iliyoniuma. Unapika na mtu, unamwogesha mtu, unamfunga kanga, halafu mahali pekee mnapoweza kuzungumza pana tundu katikati.

Na maneno yaliendelea kwenda. Dada akaanza kuniambia kwenye simu kwamba hata Kigogo sasa anakirudiarudia, hadithi moja mara tatu, halafu kimya. Nilijua kitakachobaki mwisho ni nyimbo, na nilijua nazo siku yake itafika. Nilitaka kitu kimoja tu. Kabla hazijaondoka, tufike pale pamoja, mimi na yeye, hata mara moja.

Mpiga gitaa atakayesoma hapa atasema, si uvute uzi pembeni sauti ipande? Nilivuta. Lakini wimbo ule nilikuwa naupiga kwa nyuzi mbili pamoja, ndivyo unavyofanana na sauti za akina mama, na ukizivuta pembeni kila moja inapanda kwa kiasi chake. Matokeo yake ni ugomvi. Nilihitaji kuzipandisha zote mbili kwa usawa, na kidogo sana.

Nikakumbuka gitaa moja nililoliona Dar, la mpigaji aliyepita na bendi ya wageni. Shingo yake ilikuwa imechimbwa, kila nafasi kati ya freti na freti ina bonde. Wenzangu walicheka, wakasema panya wamelila. Mimi nililiomba nikalijaribu. Kidole hakigusi ubao kabisa, kinaelea juu ya bonde, uzi unakaa kwenye chuma tu. Ukigusa kwa wepesi unapata sauti ya freti. Ukikandamiza kidole kushuka bondeni, sauti inapanda kidogo kidogo, kwa kadiri unavyotaka mwenyewe, na nyuzi mbili zinapanda pamoja kama zimeshikana mikono. Nililirudisha na sikulifikiria tena mpaka nilipokuwa na mama ndani ya nyumba.

Freti zangu zenyewe zilikuwa zimelika. Miaka yote ile ya dansi ilikuwa imezichora mifereji. Nikasema kama nang'oa ning'oe zote, nichimbe mabonde, nipigilie mpya. Kazi hiyo sikuwahi kuifanya kwenye gitaa langu wala la mtu, na gitaa lenyewe ni hilo moja. Nikiliharibu basi sina solo, sina mazoezi ya jioni, na mama hana wa kuudaka wimbo wake.

Rafiki yangu wa bendi ya zamani alinitumia waya wa freti kwa basi kutoka Dar. Tupa za kuchimbia nikazifuata Makole, mjini, kwenye duka la vifaa la mzee mmoja wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa ikinunua karanga za mama enzi hizo anazileta mjini kichwani.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Tupa ya mviringo? Unanoa nini, mama?"

"Gitaa."

"Gitaa linanolewa?"

"Hili langu limekuwa butu."

Akacheka, akanichagulia tatu za unene tofauti, akaniongezea msasa bila kuombwa. Akauliza mama yangu anaendeleaje. Nikasema anaimba. Akasema vizuri, anayeimba hana shida, nami nikaitikia kwa heshima ingawa nilitamani kumbishia.

Nilianza wakati wa kiangazi, upepo ule wa vumbi ukiwa umekaza. Ni wakati mzuri kwa ubao, kwa sababu umekauka na haukudanganyi. Nililaza gitaa kwenye meza chini ya kibanda cha uani, nikatoa nyuzi, nikapasha moto kila freti kwa kile chuma cha umeme cha kuunganishia waya za redio, mpaka gundi ya kiwandani ikalegea, kisha nikaibana kwa koleo na kuitembeza nje taratibu. Ukiwa na haraka inatoka na vipande vya ubao. Mbili zilitoka na vipande. Nilitukana kwa lugha zote ninazozijua, kikiwemo kile Kigogo changu cha mbuzi, nikavirudisha kwa gundi.

Kisha nikachimba. Unachora kwa penseli, unaacha ukingo wa ubao kila upande ili freti ipate pa kushika, unaipeleka tupa ya mviringo katikati kwa msukumo mmoja mrefu, unapuliza vumbi, unatazama kwa mwanga wa upande, unarudia. Bonde likizidi kina kwenye nafasi moja, mkono unasikia tofauti ukipita. Nilichimba kuanzia freti ya tano kwenda juu, maana huko ndiko wimbo wa mama unakotembea. Halafu nikapigilia freti mpya kwa nyundo ya plastiki, nikazisawazisha, nikazikata ncha, nikazilainisha zisikwangue kiganja.

Ikabaki kutafuta kina. Nilifunga nyuzi mbili tu, nikavaa visikilizi masikioni, nikaweka ile sauti ya mama niliyoirekodi, ijirudie mahali pale pale. Nasikiliza, nakandamiza, naona bado bonde halinitoshi, nalegeza nyuzi, nasugua tena, nakaza, nasikiliza. Siku zilipita hivyo. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, hatua chache tu kutoka mezani kwangu, anabangua karanga kwenye ungo. Nilikuwa naona midomo yake ikitembea. Nilimpungia mkono, akanipungia. Nilidhani anatafuna.

Jirani yangu, mwanamke anayeuza zabibu na mboga hapo nje, aliingia siku moja kuomba maji. Nikatoa kisikilizi kimoja kumsalimia.

"Dada, bibi siku hizi anaimba kikwaya kweli," akasema. "Kama wale wa kanisani kabisa."

"Haimbi kikwaya," nikamwambia. "Huyo anaimba Kigogo."

"Haya, wewe ndiye fundi."

Akachukua maji yake akaenda. Nikarudisha kisikilizi sikioni. Mimi mpiga solo wa miaka mingi, muuza mboga anifundishe mama yangu anaimba nini!

Karibu na mwisho wa kazi mama aliinuka mwenyewe kwenye kigoda, akaja mpaka mezani, akaweka mkono juu ya gitaa lile lisilo na nyuzi kamili. Akasema neno. Sikulielewa. Akalirudia, na alilirudia kwa subira ambayo ilinitesa kuliko kama angekasirika. "Ndiyo, mama," nikamjibu, "kesho." Hakuridhika. Jumapili dada alipopiga simu nikamwomba amuulize alikuwa anataka nini. Walizungumza kidogo, safari hii bila kucheka.

"Anauliza yule anayemwitikia amekwenda wapi," dada akaniambia.

"Mwambie anatengenezwa. Anakuja."

Dada akamwambia. Mama akaitika kwa kichwa, akarudi kwenye karanga zake, na mimi nikaongeza bidii. Niliyapokea maneno yale kama mtu aliyetumwa haraka. Nikabonyeza simu, sauti ile ikaanza tena masikioni, nikashika tupa.

Siku nilipomaliza sikutaka kula. Nilifunga nyuzi zote, nikapima, nikapiga mahali pale, nikakandamiza vidole viwili kushuka bondeni, na mshale wa simu ukasimama pembeni, palepale ulipokaa kwa mama. Nyuzi mbili, pamoja, safi. Nikamwosha mama miguu, nikamfunga kanga nzuri, nikamketisha sebuleni jua likiwa bado liko dirishani, nikachomeka gitaa.

Alipolisikia tu akanyoosha mgongo. Akaanzisha. Nikaudaka. Tukaenda vizuri, tukapanda, tukafika pale, nikakandamiza.

Tukakwaruzana.

Nilidhani nimekosea kidole. Wimbo unazunguka, mahali pale panarudi, nikangoja. Tulipofika nikakandamiza kwa uangalifu, na nikasikia wazi kwamba sauti yangu imeizidi yake. Mara ya tatu niliweka vidole kwa wepesi tu, bila kusukuma, sauti kavu ya freti kama nilivyokuwa nikipiga tangu zamani. Mama alikuwa amekaa palepale. Hakupungua, hakuzidi. Sauti yake ilikuwa sawasawa na ya freti yenyewe.

Nililazimika kuacha kupiga. Kichwani mambo yalijipanga yenyewe, na sikuyapenda. Sauti niliyoifuata kwenye simu ilikuwa ya mama wa wiki zake za kwanza Miyuji, mama aliyetoka kijijini akiwa bado na wenzake wote masikioni. Huyu aliyekaa mbele yangu alikuwa ameimba na mtu mmoja tu, jioni baada ya jioni, misimu miwili ya mvua, na huyo mtu alikuwa anapiga freti ya chini bila kubadilika. Akamfuata, kidogo kidogo mno, nami niliyezoea mkwaruzo sikusikia ulivyokuwa ukiisha. Ni mzee aliyesahau jina langu, aliyesahau unga ni wa nini na simu ni ya nini, lakini alijifunza kitu kipya. Aliihama sauti ya mama zake ili asikwaruzane nami. Na alipokwisha kufika, aliiimba uani hatua chache kutoka kwangu, muuza mboga akaisikia, akaiita ya kikwaya, kwa sababu kwaya nazo zinafuata sauti za freti.

Mama alinitazama. Alitafuta neno muda mrefu, midomo ikifunguka na kufungika, na lilipotoka lilikuwa la Kiswahili, ambacho sikuwa nimekisikia kinywani mwake tangu lini sijui.

"Nimekuja," akasema. "Wewe hupo."

"Nipo, mama. Nipo hapa."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza alivyokuta mlango umefungwa. Nililia mbele yake bila kujificha, nikiwa nimelikumbatia gitaa, naye akangoja nimalize, kisha akaanzisha wimbo tena mwenyewe, taratibu, macho yake yakiwa kwenye vidole vyangu.

Nikaudaka. Nikajiambia sasa sikandamizi, nimeshajua aliko, naweka kidole kwa wepesi juu ya chuma na ninamsubiri hapo. Tukapanda pamoja. Tukafika. Nikagusa freti kwa wepesi kabisa, sauti ikatoka chini, imenyooka, ile aliyoizoea. Na mama, aliyekuwa ameshanisikia juu mara mbili, alikuwa amepanda kunifuata kule nilikokuwa.